Nilimwita mbwa wangu Deni: uzi wa mambo ya kiroho tunayofundishwa na mbwa (njoo na lako)

#1 Mwalimu wa Kihonda (mleta mada)
Jumapili, saa 10:20 jioni

Habari za Jumapili wakuu. Leo sina siasa wala mpira.

Nina mbwa anaitwa Deni. Nilimnunua mwaka 2017 hapa Morogoro kwa shilingi 60,000 nilizokopa kwa mwenzangu kazini, baada ya wezi kuruka ukuta mara mbili na kuondoka na kuku, jiko la gesi na viatu vyangu vya harusi. Muuzaji aliniapia kwamba ni mbwa wa polisi halisi. Alipofika miezi sita masikio yakagoma kusimama, mkia ukajikunja kama mkono wa kikombe, na rangi ikawa ileile ya mbwa koko wote wanaolala chini ya meza za buchani. Mke wangu akamtazama, akasema: umemkopea, basi mwite Deni. Jina likashika. Jioni nikisimama uani naita "Deni! Njoo Deni!" majirani wanacheka mpaka leo. Nami huwaambia hili ndilo deni pekee maishani mwangu linalonijia mbio huku linatikisa mkia.

Ratiba yake ni kama ya mbwa wengi wa mjini. Saa 12 asubuhi namwingiza bandani, saa 3 usiku namfungulia. Getini nimeandika MBWA MKALI kwa rangi nyekundu. Wakati ule wazee wa mtaa walinipa mapishi ya kumfanya mbwa awe mkali: mmoja alisema pilipili kichaa kwenye ugali, mwingine mavu wa kukaanga, wa tatu alinong'ona habari ya bangi. Nilijaribu ya pilipili. Mbwa aliharisha siku tatu.

Sasa kilichonifanya niandike. Alhamisi iliyopita niliamka na ujumbe kwenye simu kuhusu mkopo wa mtu niliyemdhamini, naye hajulikani alipo. Nikatoka nje kichwa kinafuka moshi. Deni alikuwa bado hajaingizwa bandani, akanirukia na furaha zake, akaniwekea miguu yenye tope kwenye suruali ya kazini. Nikampiga teke la mbavu. Alilia mara moja tu, akaenda kujikunyata chini ya mpapai.

Nusu saa baadaye natoka kutupa taka, namwona anakuja. Hatembei, anatambaa. Tumbo linagusa ardhi, masikio yamelala nyuma, mkia umeingia katikati ya miguu. Akafika, akaniramba kidole gumba cha mguu. Mguu uleule.

Wakuu, mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa tisa huu. Mathayo 6:12 naijua kwa moyo: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Nimeisema mara ngapi sijui. Ila siku ile, nimesimama na ndoo ya taka mkononi, ndipo nilipoona inavyofanywa. Niliyemkosea ndiye aliyekuja kutaka yaishe. Hakungoja nianze mimi, hakutuma mshenga. Nikageuza ndoo nikaikalia, nikalia kidogo (mnaotaka kucheka chekeni).

Kuna na vidogo vidogo. Kabla ya kulala huzunguka palepale mara tatu, anajibwaga, anashusha pumzi moja ndefu, na siku imeisha. Mimi nikigusa mto ndiyo kwanza naanza kuhesabu nani kanikosea tangu 2009. Halafu chakula. Dona na dagaa, kila siku ya Mungu, na kila siku anapokea kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Haya, leteni na yenu. Mbwa wako amekufundisha nini?

#2 Kapuku Msomi

Natia nanga hapa. Ila mkuu uzi wa mbwa bila picha ya mbwa ni sawa na harusi bila pilau.

#3 ChumaChaPua

Nyie watu mnapenda kujidanganya. Mbwa anapenda ugali wako, hakupendi wewe. Mnyime wiki moja uone kama hatahamia kwa jirani. Mambo ya kiroho yanatoka wapi hapo? Mtaani kwetu kuna watoto wanalala na njaa na sisi tunaandika makala za mbwa.

#4 Ma Koku

ChumaChaPua mwanangu, hujambo. Mimi ni bibi wa Muleba, umri wangu siutaji. Unasema mbwa anampenda mwalimu kwa sababu ya ugali. Na wewe Mungu unampendea nini? Sala anayoisema mwalimu, kabla ya kufika kwenye deni, imepitia wapi? "Utupe leo riziki yetu." Ugali umetangulia! Msamaha umekuja baada ya ugali. Aliyetufundisha kuomba alijua anaongea na watu wenye matumbo.

Na langu ni hili. Mbwa wangu alizaa watoto saba nyuma ya jiko, msimu wa mvua. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni wala hasikii, macho hufunguka wiki ya pili. Nilikuwa nakaa na kahawa yangu nawatazama. Wale vipofu saba, hakuna aliyekosea njia ya kwenda kwenye ziwa. Anasukumwa, anaangukia mgongo, anapiga kelele, anarudi. Ananyonya bila kumwona anayemnyonyesha. Mwaka ule nilikuwa nimemzika mume wangu na nilikuwa nimeacha kusali, kwa kuwa nilisema sioni mtu upande wa pili. Nilipowaona wale, nilinyamaza. Sikurudi kanisani Jumapili ile, nisiwadanganye. Nilirudi Kwaresima.

#5 Mlinzi wa Zamu

Tuwe makini tusije tukaabudu viumbe. Maandiko hayamsifu mbwa. Wafilipi 3:2, "Jihadharini na mbwa." Ufunuo 22:15, "Huko nje wako mbwa, na wachawi." Mleta mada kama mzee wa kanisa angetafuta mfano bora zaidi.

#6 Katekista Mstaafu

Ndugu Mlinzi, umeruka Luka 16. Lazaro amelala mlangoni kwa tajiri, ana vidonda mwili mzima. Tajiri anapita. Watumishi wa tajiri wanapita. "Hata mbwa wakaja wakamramba vidonda vyake." Katika hadithi ile nzima, kabla mtu hajafa, ni nani aliyemgusa yule maskini? Nimewauliza watoto wa mafundisho swali hilo kwa miaka mingi na huwa wanajibu mara moja. Watu wazima ndio husita.

Na mwanamke Mkanaani, Mathayo 15, aliambiwa neno gumu la mbwa, akalichukua hilohilo akalijengea hoja: hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Akapewa alichotaka.

Sisi Wakatoliki tuna pia kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia anasafiri na malaika bila kujua kuwa ni malaika, na mbwa anafuatana nao. Mbwa hana kazi yoyote kwenye hadithi. Hafukuzi jambazi, hapati jina. Anakwenda nao, na mwishoni anarudi nao. Mwandishi angeweza kumwacha na hakumwacha. Mimi hufurahi sana kwamba hakumwacha.

#7 Abu Nasra

Assalaam aleikum nyote. Niko Muheza, nalima mahindi na machungwa. Nilisoma uzi nikasita kuchangia maana kwetu mtu akitaja mbwa wa kwanza kumjibu ni mdomo: haramu. Na methali tunayo, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Basi niseme kwa uangalifu.

Sisi huku pwani tunafuata Imam Shafi. Mate ya mbwa ni najisi nzito, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wana rai nyingine, wanamhesabu mbwa kuwa twahara, si najisi. Hilo ni la wanazuoni. Lakini kumfuga kwa kuwinda, kulinda mifugo au shamba, ruhusa ipo kwenye hadithi sahihi. Mimi ninao wawili kwa sababu ya nguruwe pori na nyani. Wana vyombo vyao, wana mahali pao, na kanzu ya Ijumaa hawaisogelei.

Sasa mafunzo. Katika Surat al-Kahf, vijana wamekimbilia pangoni na imani yao, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Halafu watu wanabishana idadi yao: walikuwa watatu na wa nne ni mbwa wao, watano na wa sita ni mbwa wao, saba na wa nane ni mbwa wao. Kila hesabu, mbwa yumo! Hakuswali, hakufunga. Alikaa mlangoni na watu wema, akahesabiwa nao. Kila nikifika aya hiyo najiuliza mimi nakaa mlangoni kwa nani.

Na ile hadithi ya Bukhari na Muslim, mtu ana kiu njiani, anateremka kisimani anakunywa, akitoka anamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akasema, huyu imemfika kama ilivyonifika mimi. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha. Akasamehewa dhambi zake. Angalia alivyokishika: kwa meno. Kwa dakika ile alikuwa amebeba kitu kinywani kama mbwa mwenyewe.

#8 Mjukuu wa Bibi

Abu Nasra hiyo ya meno sikuwahi kuiwaza, shukrani sheikh.

Mimi nina majina tu. Babu yangu Tabora alikuwa na mbwa watatu kwa wakati mmoja: Watasema, Wamechoka na Tumezoea. Wote ilikuwa ujumbe kwa shemeji yake aliyekaa nyumba ya pili. Akitaka kumsema shemeji anatoka nje anaita mbwa. Miaka kumi hawakugombana hata siku moja kwa mdomo wao wenyewe, mbwa ndio waliobeba. Sijui ni hekima au ni uoga.

#9 Binti wa Kilifi

Jameni uzi mtamu. Mimi ni Mkenya, niko Muscat kikazi. Kwenye nyumba tunayoishi kuna dada wa Nepal. Mwaka jana msimu wa sikukuu yao ya Tihar akanionyesha video alizotumiwa na mamake kutoka nyumbani. Siku ya pili ya sikukuu ni ya mbwa. Wanawavisha shada za maua ya rangi ya machungwa shingoni, wanawapaka rangi nyekundu kipaji cha uso, wanawapa chakula kizuri. Hata wa barabarani wasio na mwenyewe. Nikacheka, nikamwambia kwetu mbwa wa barabarani anavishwa jiwe. Hakucheka. Akaniuliza, "Na anayewalindia usiku ni nani?" Nilikosa jibu.

#10 Daktari wa Mifugo

Habarini. Nimefuatilia tangu jana na nimefurahi, ila Mwalimu nakuomba radhi, nitaharibu kidogo.

Ule mkao uliouona, kutambaa, masikio nyuma, mkia ndani, kuramba: huo si msamaha. Ni woga. Mbwa hufanya hivyo kumtuliza mkubwa mwenye hasira ili asipigwe tena. Hata ule uso tunaouita wa kujutia, watafiti wa tabia za mbwa wameupima: mbwa anauonyesha akikaripiwa hata kama hakufanya kosa lolote. Anasoma uso wako, hasomi dhambi yake. Deni hakuja kukusamehe. Alikuja kuangalia kama hatari imekwisha.

Sisemi mbwa hana mapenzi. Anayo, na nimeona mengi kwenye kazi hii. Nasema tu tusimbandikie mnyama fundisho linalotupendeza sisi wapigaji.

Pili, habari ya ukali. Mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki kati ya wiki ya 3 na takriban ya 12 hadi 14. Ukimnunua, ukamfungia bandani mchana kutwa, haoni wageni, haoni watoto, akitoka ni usiku na giza, hapo umetengeneza mnyama anayeogopa kila kitu. Ukali mwingi wa mbwa ninaowatibu ni woga wenye meno. Pilipili haina kazi hapo zaidi ya kuunguza tumbo.

#11 ChumaChaPua

Daktari umemaliza kila kitu. Uzi ufungwe.

#12 Kapuku Msomi

Daaah. Mwalimu pole. Sasa ile ndoo uliyoikalia ukalia inakuwaje?

#13 Nahodha wa Pangani

Mwalimu, salaam. Mimi ni mtu wa majini, mbwa sina. Lakini wazee wetu walisema mbwa wa msasi mkali naye huwa mkali. Nimesoma bandiko lako mara mbili. Umetuambia habari ya teke, ya pilipili, ya kibao chekundu. Umetuambia kila usiku unahesabu waliokukosea. Hukutuambia hata mara moja uliowakosea wewe ukimtoa mbwa.

Nina swali moja. Huyo Deni amewahi kuuma mtu?

#14 Mjukuu wa Bibi

Swali zuri. Mleta mada yupo mtandaoni naona, kijani kinawaka.

#15 Kapuku Msomi
Jumanne

Siku ya pili leo. Mleta mada kaingia mitini. Nahodha umemfukuza mwalimu wa watu.

#16 Ma Koku

Mwacheni. Mtu akinyamaza siku mbili si lazima awe amekimbia. Jeraha nalo hukaa kimya kabla halijatumbuka.

#17 Mwalimu wa Kihonda
Jumanne, saa 5:40 usiku

Shikamoo Ma Koku. Shikamoo Nahodha. Nipo.

Ameuma mtu mmoja. Mdogo wangu, wa tumbo moja.

Baba alipofariki aliacha kiwanja kidogo Ifakara. Tulikubaliana kiuzwe, mimi nisimamie kwa kuwa ndiye mkubwa. Kikauzwa. Sehemu ya mdogo wangu ilikuwa shilingi 1,800,000. Ile hela niliingiza kwenye kupaua hii nyumba ninayoandikia sasa hivi, nikamwambia subiri kidogo. Akasubiri. Mwaka 2019 akawa ananipigia kila siku, nami nikaacha kupokea. Usiku mmoja saa 4 akaja mwenyewe kutoka Ifakara bila taarifa. Taarifa angenipaje, na simu sipokei? Akafungua geti. Mbwa nilikuwa nimeshamfungulia.

Deni alimshika mkono wa kulia, kidole cha pete, hakumwachia mpaka nilipofika. Damu ilikuwa nyingi. Na mimi, badala ya kumwambia pole, nilisema mbele ya mke wangu na mbele ya jirani aliyetoka na tochi: "Hata mbwa ameshakujua wewe ni mtu wa namna gani."

Sikumpa hata maji ya kunawa. Akaenda hospitali kwa miguu yake, akajilipia sindano. Siku ya pili alinipigia, safari hii nilipokea. Akauliza kitu kimoja tu: mbwa amechanjwa? Nikasema amechanjwa.

Alikuwa hajachanjwa. Tangu nimnunue alikuwa hajachomwa hata sindano moja. Nilisema vile kwa sababu nilijua akisikia hajachanjwa atanidai na gharama za matibabu juu ya ile 1,800,000.

Alimaliza sindano zote. Hakuniamini. Wakuu, kila nikikumbuka namshukuru Mungu kwamba ndugu yangu hakuniamini.

Tangu siku hiyo hatujasemeshana. Tumekutana msibani mara mbili, tumekaa mikeka tofauti. Daktari, bandiko lako nimelisoma usiku wa jana na sikulala. Yule mbwa hakuwa ananisamehe. Basi nikaanza kuwaza wengine wanaonijia hivyo hapa nyumbani, wanyenyekevu, wapole, nami nafurahi kwamba nina familia ya amani. Mwanangu wa mwisho nikiingia sebuleni hupunguza sauti ya televisheni kabla sijasema neno. Nilidhani ni adabu.

#18 Daktari wa Mifugo

Mwalimu, kwanza ahsante kwa kusema. La pili nitakuwa mkali kwa sababu ni kazi yangu.

Ulimdanganya mtu kwenye jambo la kufa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona karibu hakupo. Kinga ipo kabla tu. Kwa wote mnaosoma: ukiumwa na mbwa, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake mafuta wala majivu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Sindano ni kadhaa kwa ratiba na zinatakiwa kumalizwa. Kama mbwa anajulikana, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huu, mwaka 1895, ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani, na maeneo mengi huchanja bure au kwa bei ndogo. Hakuna kisingizio.

Deni leo amechanjwa?

#19 Mwalimu wa Kihonda

Hapana daktari. Kesho.

#20 Mlinzi wa Zamu

Mzee mwenzangu, mimi ndiye niliyeleta "jihadharini na mbwa." Nimesoma hii nikanyamaza. Ninaye dada yangu Iringa. Niishie hapo.

#21 Abu Nasra

Mwalimu, kwetu tunafundishwa kwamba haki ya Mungu, Mungu huisamehe akitaka. Haki ya mja mpaka mja mwenyewe asamehe. Hata aliyekufa shahidi, deni lake linamsubiri. Usingoje msiba wa tatu.

#22 ChumaChaPua

Mimi nilikuja kubeza na sasa sijui niseme nini. Mwalimu lipa hela ya watu.

#23 Mwalimu wa Kihonda
Ijumaa, saa 1:15 usiku

Mrejesho.

Jumatano nilimpeleka Deni kwa afisa mifugo. Kumfikisha ilikuwa kazi, hajawahi kutoka getini mchana tangu awe mtoto. Miaka yote hii anatembea barabarani anatetemeka, pikipiki ikipita anajibana kwenye miguu yangu. Mbwa mkali! Watoto wa shule wakawa wananiuliza, "Mwalimu huyo mbwa anaumwa?" Kuchomwa sindano hakustuka hata kidogo. Alistuka tuliporudi nilipoacha mlango wa banda wazi. Alisimama mlangoni zaidi ya saa nzima hajui atoke au akae.

Jana nilimtumia mdogo wangu 400,000, ndizo nilizokuwa nazo, pamoja na ujumbe. Ujumbe niliuandika mara sita. Mwishowe nikabakiza huu: "Mbwa alikuwa hajachanjwa. Nilikudanganya. Hela yako nimeijengea. Hii ni sehemu, nyingine naileta."

Ameisoma jana hiyohiyo. Amejibu leo saa 10 jioni. Maneno matatu: "Kidole bado hakikunji."

Hakuna zaidi. Sijui ni kunifungulia au ni kunifungia. Nishaurini nimjibu nini.

#24 Kapuku Msomi

Hela hajairudisha lakini. Hiyo ni dalili.

#25 Binti wa Kilifi

Mwambie pole tu. Ile hukumwambia mwaka huo.

#26 Ma Koku

Mwanangu, usimjibu. Hicho kidole hakisomi simu. Nenda kakione.

#27 ChumaChaPua

Mwalimu, mimi shughuli zangu ni hapahapa Msamvu stendi. Gari za Ifakara za kwanza zinatoka alfajiri. Njoo saa 11 kasoro, ulizia mtu wa tiketi mrefu mwenye kofia ya Yanga, nitakupangia siti ya dirishani. Hela ya nauli usinipe.

#28 Mwalimu wa Kihonda
Jumamosi, saa 11:25 alfajiri

Nipo Msamvu. ChumaChaPua ni mtu wa kweli, na ni mrefu kweli. Amenipa na chai.

Mke wangu amebaki na Deni. Nimemwambia mlango wa banda asiufunge, dagaa wako kwenye ndoo ya bluu, na akimzomea asimzomee kwa sauti yangu. Usiku wote mbwa alilala kizingitini kwa mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje. Nilipotoka na begi alinyanyua kichwa tu, akanitazama, akakirudisha.

Gari linapiga honi. Kadi ya chanjo nimeiweka mfuko wa shati. Sijui naibebea nini.